Gunia Safi la Musiye

Lori la maharagwe linateremshwa mbele ya ghala, vumbi limetanda, na Mwantum amejichoma tena kidole. Anakinyonya, anatupa jicho kwenye njia ya kwenda Buyenzi, mtaa wake, kisha anaichomeka shazia, ile sindano kubwa ya magunia, mahali alipokwisha kushona. Wenzake wanacheka. Asubuhi hii ameshona mdomo wa gunia tupu, na wanamtania kwamba anahifadhi hewa.

Kwa kawaida hachekwi. Katika ghala hili la eneo la viwanda, karibu na bandari ya Bujumbura, hakuna mkono unaoziba tundu la panya upesi kama wake. Ana miaka hamsini na miwili, ni mjane, na amezaliwa Buyenzi kama mama yake na bibi yake. Hulipwa kwa gunia. Siku nzuri hurudi nyumbani na faranga mia nane. Siku ambayo barabara ya milimani imefungwa kwa risasi na malori hayakushuka, hurudi na vumbi tu. Tangu vita vianze, siku za vumbi zimekuwa nyingi.

Lakini leo akili yake haipo ghalani. Ipo chini ya kitanda chake, alikolala paka anayetetemeka.

Paka huyo anaitwa Musiye, yaani "bwana" kwa Kifaransa cha mtaani. Ni mweusi, kifua cheupe, na jina hilo alilipata kwa sababu alionekana kama bwana mkubwa wa ofisini aliyevaa shati la kupigwa pasi. Aliyempa jina ni Sumaya, binti pekee wa Mwantum. Sumaya aliolewa mtaa wa Kinama, na mwaka 1995, vita vilipofika huko na watu wakakimbia, alipita kwa mama yake na kitoto cha paka ndani ya kanga. Akamwachia, akavuka ziwa na mumewe. Hadi leo wako kambini upande wa Tanzania.

"Alisema, mama, unitunzie huyu, nitakuja kumuchukua," Mwantum huwasimulia wenzake. "Mi nikajua kumbe atakuja. Mutu haache kitu chake hivi hivi."

Tangu Jumatatu, Musiye hali. Udenda unamtoka, masikio yanachezacheza yenyewe, na akisimama miguu ya nyuma haimtii. Mwantum amejaribu maziwa, amejaribu kumsomea dua, amejaribu hata kumgombeza. Jana alimfunika vizuri, akakaa kumtazama hadi adhana ya alfajiri. Leo amemwacha na jirani yake Adija, ambaye ameahidi kuchungulia kila mara, ila Adija ana mandazi ya kukaanga na Mwantum anajua vizuri mandazi yakiingia mafutani Adija hamwoni mtu.

Gélase, msimamizi wa ghala, anasimama mbele yake mikono nyuma. Si mtu mbaya. Amezika kaka wawili katika vita hivi na tangu hapo huongea kwa mkato.

"Mama Sumaya, batu banakufa kila siku mu huu muji," anasema. "We unalilia paka?"

Mwantum hamtazami. "Batu nimebalilia, Gélase. Hata bako nilibalilia. Paka nayo iko na zamu yake."

Gélase anageukia lori, anahesabu tena magunia ambayo alikuwa ameshayahesabu. Baadaye kidogo anapita karibu na kumwambia, kama mtu anayezungumza na ukuta, kwamba anaweza kuondoka kabla ya mapumziko ya mchana.

Mlangoni anakutana na mtu ambaye hakutaka kukutana naye. Ni Amissi, mchuuzi wa sabuni ya mawese, anayevuka kwenda Kigoma na kufika hadi kambini. Kesho asubuhi boti yake inaondoka, na leo anazunguka kukusanya salamu.

Salamu za Amissi zina desturi yake. Hazibebi msiba. Mtu aliye ng'ambo hawezi kuja kuzika wala kumshika mgonjwa mkono, kwa hiyo Buyenzi nzima imekubaliana bila kukutana kwamba hakuna sababu ya kumchoma moyo. Bomu lilipong'oa bati za Mwantum, alituma neno kwamba ni wazima. Kaka yake alipofariki, alituma neno hilo hilo. Kila mara huongeza, "na Musiye ni muzima," maana ndilo swali la kwanza la binti yake. Na Sumaya hujibu kwamba nao ni wazima.

Leo neno hilo hawezi kulituma. Anamwomba Amissi apite jioni nyumbani, kisha anakaza mwendo, ndala zikimpiga visigino.

Hafiki kwake moja kwa moja. Anakunja kona kumtafuta Birindwa, Mkongomani aliyekuwa akitibu ng'ombe huko Kivu kabla ya kukimbia, na ambaye sasa huchoma sindano mbuzi wa sokoni. Birindwa anasita. Anasema kwao hajawahi kuona mtu akiita daktari kwa ajili ya paka. Hata hivyo anachukua mkoba wake.

Ndani ya chumba anapiga magoti, anainua kope za Musiye, anampapasa tumbo. Kisha anavuta gunia alilolalia paka, analinusa, na kupiga chafya nzito.

Anauliza limetoka wapi. Mwantum anaeleza kwa fahari kidogo, licha ya wasiwasi. Mvua zilipoanza Jumapili, aliona Musiye anajikunyata kwenye sakafu ya saruji. Akamchagulia gunia mwenyewe kutoka kwenye rundo la yaliyotupwa, akalipangusa na kulikunja mara mbili. Mshona magunia hutazama vitu viwili, matundu na fukusi, wale wadudu wa nafaka. Hili halikuwa na tundu, wala fukusi hata mmoja.

"Gunia ya mahindi, na haina hata kadudu kamoja?" Birindwa anauliza taratibu. "Mama, tule tududu tuliuawa na nini?"

Mwantum anainama, analinusa mwenyewe. Dawa ya unga inayonyunyiziwa mahindi anaijua kwa miaka yote aliyofanya kazi. Humwasha pua kila siku mpaka hainusi tena. Paka alilala juu yake, ikamshika kwenye manyoya, akajilamba. Kadiri alivyozidi kutetemeka, ndivyo Mwantum alivyozidi kumfunika kwa gunia hilo hilo.

"Ni mi," anasema. Anakaa sakafuni na kulia waziwazi, bila kujificha kwa kanga.

Birindwa hampi nafasi ya kulia sana. Anataka maji ya uvuguvugu na sabuni. Wanamwosha Musiye mara mbili, naye, pamoja na udhaifu wake, anaacha mistari ya kucha kwenye mikono ya wote wawili. Birindwa anasema hiyo ni dalili nzuri. Anakiri kwamba yeye ni mtu wa ng'ombe na hawezi kuahidi. Wakimweka pakavu, pengine kesho itajulikana.

Mchana huo Mwantum hatulii. Anafagia, anafagia tena, analichoma gunia uani, anarudi kuchungulia. Anachemsha ndagala, vile vidagaa vya ziwani, anachovya kidole kwenye maji yake na kukipeleka mdomoni mwa paka. Hakuna kitu. Anajaribu tena, na tena.

Jua linapoelekea milima ya Kongo, ulimi mdogo, mkavu, unatoka na kugusa kile kidole chenye tundu la shazia. Unarudi ndani. Unatoka tena.

Amissi anamkuta hivyo, amepiga magoti.

"Niseme muko wazima, kama siku zote?" anauliza kutoka mlangoni.

"Apana." Mwantum anajibu bila kugeuka. "Mwambie Musiye amegonjwa sana, na mi ndiye nilimugonjwesha. Mwambie leo amelamba maji ya ndagala. Mwambie mi naogopa." Anachovya kidole tena. "Na yeye anitume neno ya kweli. Muulize kama kweli anakula."

Amissi anatazama ndala zake.

"Mama, alinikataza nisiseme," anasema hatimaye. "Safari iliyopita nilimukuta mu hospitali ya kambi. Alikuwa amekonda. Aliniambia, umwambie mama niko muzima."

Siku nzima Mwantum hakutulia, na sasa ametulia kabisa. Anamfuta Musiye udenda, anavua kanga ya mabegani, anamviringisha ndani yake kama kitoto kile alicholetewa miaka mitano iliyopita. Anasimama na kumwita Adija.

"Boti inaondoka saa ngapi?" anamuuliza Amissi.

Kisha anamkabidhi Adija paka. Anamwonyesha sufuria ya ndagala na jinsi ya kuchovya kidole, kidogo kidogo. Anamwapisha kwamba mandazi yangoje, na kwamba huyu asilalie tena kitu chochote kilichotoka ghalani.

"Umutunze," anasema. "Mwenyewe wake, naenda kumuleta."