Konokono wa Nduma Zangu

Mjukuu wangu Ngendo alitoka kwangu akiwa mzima. Miezi miwili baadaye akaanza kwenda choo ya damu, na ikasemekana mimi ndiye niliyemlisha kitu.

Naishi peke yangu hapa mtaa wa Landless, Thika. Nalima nduma, yale magimbi yapendayo maji, kando ya kijito. Ngendo, anayeniita cucu, yaani nyanya, alikuwa akija kila likizo kutoka kwao Mwiki.

Mama yake, Kamene, alinipigia simu. Aliongea kwa heshima, lakini aliyasema.

"Cucu, kwanza akae huku. Chakula cha huko kinamkataa."

Likizo tatu zikapita. Nilizidi kupika nduma za watu wawili. Nakula moja, zingine zinaliwa na kuku wa jirani. Sahani ya Ngendo, ile ya maua yenye ufa, niliiosha kila Jumamosi na hakuna aliyeitumia.

Ndipo asubuhi moja nikakuta msichana ndani ya nduma zangu, amevaa gambuti, vile viatu virefu vya mpira, anaokota konokono kwa kichungi cha chai.

Nikamuuliza kama kwao nyama imeisha. Akacheka. Anaitwa Syokau, ni mtu wa maabara, anapima konokono wa kijito.

Konokono wenyewe ni wadogo, bapa, wamejikunja kama mshipi. Alitia mmoja kwenye glasi ya maji, akaiweka juani. Tukanywa chai. Kurudi, nikaona kama vumbi ndani ya maji. Lakini vumbi lenyewe linaogelea.

"Hiyo ni minyoo ya kichocho, cucu, ile inayoleta choo ya damu. Inaingia kwa ngozi ukisimama majini."

Kwa ngozi. Si kwa sufuria yangu.

Nilitaka kumpigia Kamene hapo hapo. Kisha nikakumbuka ni nani alimwambia Ngendo avue viatu vyake vipya tukiingia kwenye nduma, visiharibiwe na matope.

Nikauliza konokono naye anaitoa wapi.

"Kwa mtu. Mgonjwa akienda haja karibu na maji, mayai yanaanguliwa humo, vijidudu vinamwingia konokono."

Mtu gani? Hapo nalima mimi tu. Choo ya ploti ninakoishi iko mbali, na magoti yangu mnayajua wazee wenzangu. Nyuma ya nduma kuna kichaka.

Nilipimwa. Nilikuwa nayo.

Nilikaa na simu siku mbili. Ningeweza kusema ni konokono, nikaachia hapo.

Siku ya tatu nilimweleza Kamene yote, ampeleke mtoto apimwe kichocho. Nikamwambia viatu. Nikamwambia kichaka.

Kamene akaanza kuniuliza.

"Wewe dawa umemeza?"

"Nimemeza."

"Na choo?"

"Natembea mpaka ya ploti. Polepole."

Akapumua. "Kesho nampeleka. Na umtafutie gambuti. Namba mbili."

Ngendo alitibiwa. Gambuti zimesimama mlangoni wiki ya pili sasa, nazipangusa vumbi. Shule zinafungwa Ijumaa.

Nami nawaambia hivi: ukilaumiwa kwa kosa ambalo si lako, usishangilie upesi. Angalia kwanza kama lako haliko hapo kando, nyuma ya nduma.