Kikapu Chenye Harufu ya Mkaratusi

Katika boma lile la Kimulot niliogopa vitu viwili tu: ng'ombe mweusi aliyezoea kupiga teke, na namba ya mama mkwe wangu, ile ya mkulima aliyopewa na kiwanda cha chai. Kwa namba hiyo alikuwa amepeleka majani chai tangu mume wangu akiwa mtoto, na hakuwahi kurudishiwa hata kikapu kimoja. Goti lilipomzidi akaniachia uchumaji, hakunipa mawaidha marefu.

"Usiniharibie namba," alisema.

Mashaka yangu yaliletwa na konokono. Mvua haikukatika, na kila asubuhi nilikuta sukuma wiki zangu zimetobolewa. Sumu ya dukani niliihofia kwa sababu ya kuku. Kwenye kikundi chetu cha akina mama tulikuwa tumefundishwa kutumia mafuta ya mkaratusi: vijiko vichache, maji, sabuni kidogo, utikise sana, unyunyize jioni. Nikanunua chupa. Konokono walipungua, hata vidukari chini ya majani wakaisha, nami nikaanza kujiona mtaalamu.

Mtaalamu huyo ndiye aliyebeba chupa hadi kwenye sukuma ndani ya kikapu cha chai. Huku kwetu kikapu hicho hakibebi kitu chenye harufu, kwa kuwa majani chai hufyonza harufu upesi. Hilo hata mtoto wa chekechea analijua. Na kifuniko sikukikaza.

Kesho yake nilichuma, nikajaza, nikaenda kituo cha majani. Nikiwa kwenye foleni, jua likapasha kikapu mgongoni, harufu ikanipanda puani. Nilijidanganya kwamba ni miti, maana mikaratusi imejaa kila upande. Nikageukia upepo. Haikuwa miti. Majani yetu sote yangepanda lori moja, na yangu yangetosha kunukisha ya foleni nzima.

Karani alikuwa na mafua. Alichota konzi ya majani yangu, akayapindua, akayanusa kwa mazoea tu, akapiga chafya.

"Sawa mama, weka kwa mizani."

Ningeweza kuweka. Mungu ananiona, mikono yangu ilikuwa imeshainua kikapu.

"Usichukue," nikasema. "Iko na harufu. Nilimwaga dawa ya konokono kwa kikapu."

Jirani aliyekuwa nyuma yangu akainama, akanusa, akavuta kikapu chake mbali na changu.

"Wewe! Ungetumaliza sisi wote!"

"Rudi nayo nyumbani," karani akasema, bila kunitazama.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Nilipanda kilima na mzigo wangu, nikitunga maneno na kuyatupa. Mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni, mguu ameunyoosha. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Akavuta kikapu, akaingiza uso ndani, akanusa.

"Wameandika imerudishwa?"

"Hapana, mama. Haikufika kwa mizani."

"Basi namba iko sawa."

Nikapumua. Kisha akamwaga majani yote chini, akageuza kikapu, akapitisha kidole kwenye ukingo aliokuwa ameushona mwenyewe mara nyingi kwa kamba ya gunia. Alikuwa amekibeba miaka yote ya kusomesha watoto wake. Akakisukuma kwa fimbo yake ya kutembelea mpaka kikagusa mguu wangu.

"Hii sasa ni ya sukuma," akasema, akaangalia pembeni.

Afadhali angenitukana.