Mkono wa Kulia wa Mama

Siku nilipomrekodi mama akikanda unga wa chapati nilikuwa na haraka, na kiburi pia. Studio yetu ya katuni, chumba kimoja juu ya duka la vipodozi Kansanga, ilikuwa imepata tangazo la unga wa ngano, na mimi ndiye niliyekabidhiwa mhusika mkuu: mama mnene, mchangamfu, anayekanda huku akiimba. Nikapanda boda hadi nyumbani Kibuli, nikaegemeza simu kwenye birika, nikamwambia mama asinitazame. Alipomaliza kukanda niliondoka bila hata kungoja chapati.

Mkono wa katuni ya kompyuta huendeshwa kwa njia mbili. Katika ile tunayoiita aikei, unashika kiganja na kukiweka unapotaka, kisha kiwiko na bega vinafuata vyenyewe. Hiyo ni ya mtu anayeshika kikombe, au anayekanda. Katika efukei unaanza juu: unazungusha bega, halafu kiwiko, halafu kifundo, na kiganja kinakwenda kilikotupwa. Hiyo inafaa kupunga mkono. Ukikanda kwa efukei, kiganja kinateleza juu ya unga kama kitambaa kilicholowa.

Nilimfuatisha mama picha kwa picha. Mwenzangu kazini, Mkongo wa Bukavu asiyejua kupaka maneno sukari, akaja kusimama nyuma ya kiti changu.

"Dada, hii mukono ya kuume umeiacha mu efukei," akasema. "Bega ndiyo inaitupa."

Nilipandwa na hasira. Nikamwambia atazame video kabla ya kunifundisha kazi. Tukaitazama pamoja, na kweli, kiganja cha kushoto cha mama kilikandamiza unga, cha kulia kilirushwa na bega, kikaanguka, kikateleza. Mwenzangu akasema hata kama video iko hivyo, mteja atatucheka. Basi nikanakili mkono wa kushoto, nikaugeuza ukawa wa kulia. Kazi ya dakika kumi. Mteja alifurahi, nami nikajigamba kwamba katuni yangu inakanda kuliko mama mwenyewe.

Yaani tuliona, watu wawili tunaolipwa kutazama mikono. Mpaka leo siamini.

Wiki tatu baadaye nilikwenda kula kwa mama mchana. Akataka kunisogezea kikombe cha chai. Bega likainuka kwanza, kiwiko kikafuata, kiganja kikaja mwisho, kimelegea, kikakipiga kikombe kikamwagika. Neno lililonijia kichwani, Mungu anisamehe, lilikuwa efukei. Hapo ndipo nilipoona mdomo wake umekwenda upande. Mama akaniambia niache kumkodolea macho, ameulalia mkono vibaya tu.

Hospitalini daktari alisema ni kiharusi, tena si cha kwanza. Kilichotangulia kilikuwa kidogo. Angeletwa siku zile, dawa zingeweza kuzuia hiki. Akauliza mkono ulianza lini. Mama akajibu jana. Mimi nikatoa simu, nikamwonyesha ile video. Daktari akasoma tarehe, akaniangalia, akaiandika kwenye faili. Afadhali angenitukana.

Mama alirudi nyumbani akitembea vizuri, lakini mkono wa kulia ulibaki mapajani. Siku moja akaomba kuona tangazo, maana majirani walimwambia yule wa kwenye runinga ni yeye mtupu. Nilimpa simu bila kufikiri. Video yake na katuni yangu zilikuwa zimekaa jirani, akazifungua zote mbili, akarudia, akarudia tena. Nilitamani kumnyang'anya.

"Huyu wako mkono wake mzima," akasema.

Sikuweza kumdanganya. Nikamweleza kwamba mkono wake ulikuwa hauendi sawasawa kwenye video, mwenzangu akaniambia, nami nikaurekebisha kwenye kompyuta.

"Kumbe mliuona," akasema mama.

Nikalia. Nilitaka anigombeze, anifukuze, chochote. Hakufanya hivyo. Alininyooshea simu kwa mkono wa kushoto, yeye aliyetuchapa utotoni kwa kosa hilo hilo, akasema, "Niwie radhi mwanangu, nakupa kwa kushoto."