Paka ananipigisha chafya, lakini haondoki: yaliyonikuta hapa Lubumbashi

Wakuu, salamu kutoka Lubumbashi, commune ya Kampemba, jirani na Bel-Air.

Huwa nasoma tu humu, sichangii. Mimi ni mtu wa aibu, hata mteja akiniuliza bei natazama chini. Shule niliishia ya msingi, kwa hiyo naandika polepole. Uzi huu nimeuandika siku tatu kwenye simu, na mega za intaneti zimenikatikia mara mbili.

Lakini nitakayosema yamenipata mimi mwenyewe, kwenye pua yangu mwenyewe. Sijatia chumvi.

Juzi mwenzetu mmoja aliuliza kama mtu mwenye aleji anaweza kukaa na paka nyumba moja. Karibu wote mlimjibu: mfukuze paka. Nami nina la kusema.

Naishi kwa mama mukubwa, yaani dada mkubwa wa marehemu mama yangu. Nyumba ni ndogo: chumba chake, chumba cha magunia, na salon, yaani sebule. Mama mukubwa anauza unga wa mahindi; chumba cha magunia ndicho duka. Kazi yangu ni kupeleka mahindi kwenye moulin, kile kinu cha umeme, kupanga foleni, kurudisha unga na kuupimia wateja kwa meka, kile kikopo cha kupimia.

Sasa, penye unga hapakosi panya.

Tulijaribu sumu, ikaua kuku wa jirani, na jirani hakutusalimia mwezi mzima. Tulijaribu mitego, ikanasa vidole vyangu kuliko ilivyonasa panya. Wateja wakaanza kuona vinyesi kwenye magunia, wakawa wanapita kama hawatujui.

Ndipo mama mukubwa akaleta paka. Mdogo, rangi ya shaba, masikio makubwa. Siku ya kwanza alipanda gunia la juu kabisa, akakaa, akatuangalia wote kama vile tumechelewa kazini. Papa mmoja aliyekuja kununua unga akacheka: "Ah bon! Huyu njo directeur wenu?"

Jina likabaki. Directeur, yaani Mkurugenzi.

Wakuu, yule paka alifanya kazi. Panya walihama. Na mimi, ambaye siwezi kuzungumza na watu, nikapata wa kuzungumza naye. Nikirudi namweleza nani alinisukuma kwenye foleni, na nani aliniita bubu. Anasikiliza huku amefumba macho.

Kisha chafya zikaanza.

Mwanzoni tulilaumu unga. Vijana wa moulin walinichezea: "Weye, unga inakuingia mpaka mu bongo!" Nikajifunga kitambaa puani. Hakikusaidia. Macho yanawasha, pua inatiririka, na alfajiri kifua kinabana.

Hapa lazima niseme jambo moja. Mama yangu alifariki kwa ugonjwa wa kifua. Mama mukubwa ndiye aliyemuuguza. Kwa hiyo nikikohoa, hata kama anamhudumia mteja, mkono wake unasimama na meka hewani. Anasubiri kusikia kama nitakohoa tena.

Akanipeleka kituo cha afya. Wakapima, mapafu yakaonekana mazima. Infirmier, yaani muuguzi, akauliza kama nyumbani kuna mnyama. Mama mukubwa akamweleza. Yule infirmier akasema ni allergie, manyoya na mate ya paka, kwamba dawa nzuri ni kumtoa, na ikishindikana basi nikae mbali naye. Akanipa vidonge vya kutuliza.

Akaongeza: "Lakini siku kifua inaanza kupiga filimbi na pumzi inakatika, haina discussion. Unakuja hapa mbio, na paka inatoka."

Njiani mimi ndiye niliyesema: "Mama, tumutoshe inje usiku. Tuone kwanza."

Akaniangalia. Kwangu ile ilikuwa hotuba.

Basi kila jioni Directeur akatolewa nje, mlango ukafungwa kwa komeo. Analia kidogo, ananyamaza. Mimi nalala salon peke yangu.

Na wakuu, chafya zikazidi.

Si utani. Paka yuko nje, mlango umefungwa, na mimi ndani napiga chafya mpaka mbavu zinauma. Wiki nzima.

Sasa, mama mukubwa yumo katika kikundi cha maombi. Wanawake kama wanane, Jumamosi alasiri wanakutana salon kwetu. Kiongozi wao nitamwita Mama Chantal, si jina lake. Ni mtu mwema, msije mkamfikiria vibaya. Mama yangu alipokufa ndiye aliyetupikia bukari, yaani ugali, siku zote za kilio.

Jumamosi ile aliuliza swali moja tu. Nilikuwa nyuma ya pazia, nimeshika birika la chai.

"Paka iko inje. Mulango iko ya kufunga. Mutoto anapiga chafya ndani. Sasa inapita wapi?"

Wenzake wakautazama mlango.

"Ile haiko paka ya bure," akasema.

Wanaoijua mitaa yetu wanaelewa sentensi hiyo. Paka akishasemwa kwamba ana bulozi, uchawi, hapewi jirani; anatiwa guniani, na harudi. Wakakubaliana: Jumamosi inayofuata mkwe wake Mama Chantal atakuja na gunia tupu. Mama mukubwa alilia, akasema sawa. Akasema hawezi kuzika watu wawili kwa kifua.

Kilichoniuma si kwamba walikosea. Kilichoniuma ni kwamba swali lilikuwa zuri na mimi sikuwa na jibu. Kweli, anapita wapi?

Nikamaliza wiki nikichunguza. Nilitazama dari, dirisha, nafasi ya chini ya mlango. Hakuna pa kupita.

Ijumaa, umeme ukakatika moulin kabla ya saa sita mchana. Wenzangu walibaki kusubiri urudi. Mimi nikarudi nyumbani, kitu ambacho sifanyi kamwe saa zile. Geti lilikuwa wazi, kwa hiyo halikupiga kelele.

Ngoja niwaeleze kwanza tunavyolala. Kwetu kijana wa kiume hana chumba, analala salon. Usiku unatandika matela, yaani godoro, asubuhi unalikunja, unalifunga kamba na kulilaza nyuma ya fotei, kile kiti cha sofa, ili mgeni asilione. Mimi langu nalikunja kuanzia miguuni. Maana yake, upande wa kichwa ndio unabaki nje, juu.

Nikaingia. Directeur alikuwa juu ya matela, nyuma ya fotei, amejikunja kama chapati, usingizi mzito. Chini yake palikuwa na shimo la mviringo lenye umbo lake, limejaa manyoya. Si la siku moja lile. Ni la miezi.

Yaani kila siku, tangu natoka asubuhi mpaka narudi, analala palepale ninapoweka uso wangu. Akisikia geti, anaruka kwenye magunia kujifanya yuko kazini.

Nilimfukuza bure kila jioni; akikesha nje, mchana alilala hapo zaidi. Manyoya yake nilikuwa nayatandika mwenyewe.

Jioni nikamwonyesha mama mukubwa. Aligusa lile shimo kwa kidole, akanusa kidole. Nikamwomba awaeleze wenzake.

"Non. Utasema weye mwenyewe. Miye nikisema, batasema ninatetea paka juu ya magunia yangu."

Sikulala. Si kwa chafya safari hii.

Jumamosi walikuja mapema: Mama Chantal, wanawake wawili, na mkwe wake na lile gunia. Nikabeba matela mpaka uani, kwenye jua, nikalitandika mbele yao. Nikafungua mdomo. Sauti haikutoka. Mkwe akasema, "Petit, tuko na haraka."

Nikatazama matela, sikumtazama mtu.

"Mama, uliuliza inapita wapi. Inapita hapa."

Nikachukua fimbo nikalipiga. Wakuu, vilitoka vumbi na manyoya kama mtu anapepeta. Mwanamke mmoja aliyesimama karibu akapiga chafya mara tatu mfululizo. Mkwe akaruka nyuma: "Aka! Na huyu mama banamuloga?"

Wakacheka wote, hata yule wa chafya. Labda lilikuwa vumbi tu, siwezi kuapa. Lakini lilinisaidia, nikaweza kueleza kuhusu mchana, fotei na upande wa kichwa.

Mama Chantal hakucheka. "Shetani pia anaweza kulala mu matela," akasema.

Mama mukubwa ndiye aliyekata: "Wiki mbili. Chafya ikikatala kupunguka, munakuja na gunia, sitasema neno."

Wiki mbili, basi. Nikajiambia sitampoteza huyu kwa uvivu wangu.

Matela nilianika kila lilipotoka jua kati ya mvua mbili, nikalipiga mpaka mikono ikafa ganzi. Blanketi nilichemsha. Kisha nikafua magunia mawili matupu ya unga, nikayashona pamoja kwa sindano ya magunia, yakawa mfuko mmoja mrefu. Kila asubuhi matela linaingia humo, mdomo unafungwa kwa kamba. Blanketi linakaa chumbani kwa mama mukubwa, mlango umefungwa.

Directeur akapewa karton yenye kipande cha kitenge kuukuu. Akaikataa. Siku tatu nzima alilala juu ya mfuko wangu akinitazama kwa dharau. Sawa, nikawa naupangusa kwa kitambaa chenye maji kabla ya kuufungua.

Kufagia kwa ufagio mkavu niliacha, kwa sababu unarusha kila kitu hewani. Nikawa napangusa sakafu kwa maji asubuhi na jioni. Vijana wa jirani wakapita getini: "Eh, bibi-arusi, umeolewa lini?" Niliinama, nikaendelea kupangusa.

Paka mwenyewe nilimfuta manyoya kwa kitambaa kibichi. Alama za kucha ninazo mpaka leo.

Vidonge nilimeza nilipozidiwa tu, kama infirmier alivyoniagiza.

Gumu kuliko yote lilikuwa kutomkumbatia. Anakuja, anasugua kichwa kwenye mguu, nami nasimama kama nguzo.

Siku ya sita nilishindwa. Mvua kubwa ilimkuta nje, akaingia anatetemeka. Nikavua shati nikamkausha nalo. Kisha kwa ujinga wangu nikalivaa tena, nikalala nalo. Chafya mpaka kunapambazuka. Nilikuwa nauma mto ili mama mukubwa asisikie. Alisikia.

Asubuhi aliuliza kitu kimoja: "Inabakia siku ngapi?"

"Munane."

"Bon."

Akaenda kufungua duka. Na mimi nikafua lile shati, nikaanza upya.

Zile siku nane sikukosea hata moja. Siku ya tisa na ya kumi ya zile wiki mbili, chafya zikaanza kupungua. Ya kumi na mbili niliamka kifua kiko wazi, nikabaki nimelala nikivuta pumzi tu, kwa sababu nilikuwa nimesahau inavyokuwa.

Jumamosi ikafika. Wanawake wote wanane wakaketi salon. Mkwe alikuwa mlangoni, gunia amelikunja kwapani. Nilikuwa naongeza viti. Mama Chantal hakusubiri nimalize.

"Mutoto. Chafya?"

Wote wakanigeukia. Ningeweza kusema imeisha, wangefurahi, tungemaliza. Lakini ingekuwa uongo, na asubuhi ya Jumapili ungejulikana.

"Imepunguka. Haiyaisha. Asubuhi inakuja mara moja, mara mbili, inaacha. Kifua haibane tena. Kama itabana tena, miye mwenyewe nitabeba paka, nitaitafutia nyumba ingine. Lakini leo inabaki."

Mama Chantal akamgeukia mama mukubwa. "Na weye unasema nini?"

Mama mukubwa alikuwa anakaza kitambaa cha kichwani. Hakuharakisha.

"Mutoto amesema," akajibu. "Tuombe."

Wakainamisha vichwa. Mkwe akatafuta pa kuweka gunia lake, hakupaona, akalikalia.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Ni miezi sasa. Sijapona, aleji bado ninayo. Nikizembea siku mbili, pua inanikumbusha.

Nilichojifunza: kabla ya kumtupa paka, na kabla ya kumwita mchawi, tafuta analala wapi mchana. Usitazame usiku tu. Kisha ujiulize kama uko tayari kupangusa, kufua na kufunga kila siku, bila kuruka. Kama hauko tayari, mpe mtu mwingine mapema, si dhambi. Na kama kifua chako kinapiga filimbi, usifuate uzi wangu, nenda ukapimwe.

Lingine ni hili: mtu anayekuuliza swali gumu si adui yako. Bila swali la Mama Chantal, ningekuwa bado nalalia manyoya.

Sasa naomba michango yenu. Wenye aleji kama mimi mnaishije? Na anayejua namna ya kumwogesha paka bila kutoka damu, tafadhali aandike hapo chini. Wa "mfukuze" pia karibuni, nitawasoma wote kwa heshima.

Ila haondoki.