Kikaango cha Pili

Watu wa mtaa ule walimwita Mzee Moshi, na hakuna aliyehitaji kuuliza sababu. Alipopita sokoni kutafuta nyanya, waliompa mgongo waligeuka wenyewe, wakijua kahawa imepita. Shati lake lilinukia buni, kofia yake ilinukia buni, na ukipeana naye mkono ulikwenda nyumbani na harufu yake, mkeo akakuuliza umepitia wapi.

Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Kulikuwa na mabenchi, jiko la mkaa, kikaango cha chuma, kinu na mchi wake, birika lililobonyea ubavuni, na vikombe vidogo visivyo na vishikio. Nyuma ya pazia ndipo walipolala yeye na mkewe. Binti yao pekee alikuwa ameolewa mtaa wa pili, akishona nguo na kuja kuwaona kila alipopata nafasi.

Na wanywaji wa kahawa ni watu wa ajabu, tusidanganyane. Mwalimu mstaafu alimimina yake kwenye kisahani akaipuliza, na ukimuuliza kwa nini asiiache ipoe kikombeni, anakutazama kana kwamba umemtukania mama. Dereva wa lori alikunywa amesimama mlangoni, akishikilia kwamba kahawa ya kukaa huleta usingizi. Fundi viatu, jirani wa ukuta kwa ukuta, hakutia sukari hata chembe, lakini asipopewa kijiko hanywi. Alikoroga kahawa tupu mpaka roho yake itulie, ndipo anapiga funda.

Mwenye duka naye alikuwa na lake. Hakufungua mlango mpaka mkewe aseme.

Jambo hilo lilianza wiki ile ile waliyooana. Kijana alikuwa na haraka ya kuanza biashara, akaunguza kikaango kizima, na bado akataka kuuza hivyo hivyo. Bibi harusi akaonja, akatema uani, kisha akalibeba birika zima akalimwaga.

"Mtu akinywa hii," alimwambia, "atanionea huruma kwa mume niliyempata."

Tangu siku hiyo kikombe cha kwanza kikawa chake, na mtaa ukampa jina la Mama Kionjo. Kila asubuhi alikaa kwenye kigoda akilipa jiko mgongo, akafumba macho, maana alisema rangi ya kahawa ni mwongo mkubwa. Mumewe alikaanga, akaweka kikaango pembeni mwa moto, akatwanga konzi moja ya buni, akachemsha. Alikuwa anatia maji ya moto kwenye kikombe kwanza ili kipate joto, kisha anayamwaga, anamimina kahawa na kumwekea mkononi. Mama Kionjo anapiga funda, anakaa kimya, halafu anatoa neno. Akisema "Bado," buni zinarudi motoni. Akisema "Imepita," zinatupwa. Akisema "Hapo," mlango unafunguliwa. Wajuzi watakwambia buni zikishatolewa hazirudishwi motoni. Watakuwa na haki yao, lakini benchi la Mzee Moshi halikuwahi kukaa tupu, na wajuzi wenyewe walikuwa hawakosi pale.

Kisha Mama Kionjo akaugua. Alilazwa, akapewa dawa kali, akarudi nyumbani amekuwa mwembamba kiasi kwamba binti yake alimpunguzia magauni yote. Siku zile alipokuwa hospitali, Mzee Moshi alifunga duka. Mwalimu alimsihi afungue walau asubuhi tu, akajibiwa, "Nifungue kwa ulimi wa nani?"

Asubuhi ya kwanza mkewe aliporudi kwenye kigoda chake, Mzee Moshi alikaanga kwa uangalifu wote aliokuwa nao. Pua yake ilimwambia zimefika. Akatwanga, akachemsha, akampa. Mama Kionjo akapiga funda, akakaa kimya muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Bado," akasema.

Mzee Moshi akarudisha kikaango motoni. Akampa tena. "Bado." Buni zilikuwa zimeanza kutoa mafuta na moshi umekuwa mzito ndipo aliposema, kwa sauti ya mtu asiye na hakika, "Hapo."

Ikawa hivyo kila siku. Pua ya mume inasema moja, ulimi wa mke unasema lingine, na Mzee Moshi akahukumu kwamba pua ndiyo iliyozeeka. Ni kosa ambalo mtu mwingine asingelifanya. Lakini mtu mwingine hakuwa amekaa na ulimi ule maisha yake yote bila kuukuta na uongo hata siku moja.

Wateja walivumilia. Mwalimu alianza kuomba sukari zaidi. Dereva akasema amebadilishiwa njia. Mabenchi yakaanza kuonyesha mbao zake. Fundi viatu peke yake ndiye aliyethubutu, kwa sababu jirani ana ruhusa ya kusema.

"Ndugu yangu," alisema akikoroga, "leo umekaanga buni au umekaanga makaa?"

"Ameonja shemeji yako."

"Najua ameonja. Nauliza tu."

"Basi ukimuuliza yeye ndiyo umeniuliza mimi," Mzee Moshi akasema, na hakumsemesha tena siku ile.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Ya Mama Kionjo yaliumbuliwa na kikombe cha maji.

Asubuhi moja Mzee Moshi alikuwa ametia maji ya moto kikombeni kama kawaida, na birika liko tayari, fundi viatu akagonga mlango kuomba kaa la moto la kuwashia jiko lake. Mzee Moshi akageuka kumjibu asubiri kidogo, na mkono wake, uliokwisha kuzoea njia, ukachukua kikombe kile na kukiweka kwenye kiganja cha mkewe. Kahawa ilikuwa bado ndani ya birika. Alipogeuka tena kulichukua, mkewe alikuwa ameshapiga funda, macho yamefumbwa, uso umetulia kama siku zote.

"Bado kidogo, mzee wangu," alisema. "Lakini inakaribia."

Mzee Moshi alikitazama kikombe mkononi mwa mkewe. Maji yalikuwa meupe, na ule ufa mdogo wa chini ya kikombe ulionekana vizuri. Alielewa yote kwa mara moja: kimya kile kirefu, sauti ile isiyo na hakika, na mabenchi matupu. Dawa zilimponya mkewe kidogo na kumla ulimi wote, naye alikuwa ameketi pale kila asubuhi akibahatisha.

Angeweza kumwambia. Neno lilifika mdomoni. Lakini alimwona alivyokaa, mgongo wima, kikombe amekipakata, kama mtu anayengoja kuitwa kazini, akajua kwamba akilitoa neno hilo mke wake atanyanyuka kwenye kigoda na hatarudi tena. Atakuwa mgonjwa tu, basi.

"Haya," akasema. "Narudisha motoni."

Akamwaga maji, akakaanga mpaka buni zikawa nyeusi, akampa. "Hapo," akasema Mama Kionjo, na safari hii akatabasamu.

Kuanzia kesho yake Mzee Moshi akawa anakaanga mara mbili. Kikaango cha kwanza alikifuata kwa pua yake, akakificha kwa kukifunika na kawa. Kikaango cha pili alikiunguza kwa ajili ya mkewe. Wateja wakapewa cha kwanza, na haikuchukua muda wakarudi. Dereva akasema amerudishiwa njia yake ya zamani. Mwalimu akapuliza kisahani chake, akaita kwa sauti kuelekea ndani, "Mama Kionjo, leo umeipatia!" na nyuma ya pazia ikasikika sauti ikicheka. Mzee Moshi alikuwa akiinama kwenye moto kila aliposikia kicheko kile. Alikuwa anamdanganya mtu ambaye hajawahi kumdanganya, na ilimuuma kila siku upya.

Maradhi yakarudi, safari hii bila kupiga hodi. Mama Kionjo akawa hawezi tena kukaa kwenye kigoda, analetewa kikombe chake kitandani. Alasiri moja Mzee Moshi alimpelekea ile nyeusi, naye akakisukuma kikombe kando.

"Leo nataka ile nyingine."

"Ipi?"

"Ile ya watu." Alipoona mumewe ameduwaa, akaendelea, "Mzee wangu, ulimi wangu ndio uliokufa. Masikio yangu mazima. Kila asubuhi nasikia buni zinaalika, ta, ta, ta, zinanyamaza, halafu zinaalika tena. Tangu lini nyumba hii ikawa na vikaango viwili?"

Mzee Moshi akakaa kitandani.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza hatimaye.

"Na wewe kwa nini hukuniambia?"

Hapo wote wawili wakacheka, kisha Mama Kionjo akalia, na mumewe akamshika mkono mpaka alipomaliza.

"Niliogopa," alisema mkewe. "Nikikosa ulimi, nitakaa wapi? Kile kigoda ndicho kiti changu. Nikasema nitabahatisha, labda ulimi utarudi. Ile nyeusi naisikia kwa mbali, kama mtu anayeniita kutoka ng'ambo ya barabara na magari yanapita katikati. Nikiisikia hata hivyo tu, nafurahi."

Mzee Moshi alikwenda mbele akaleta kikombe cha kahawa ya watu. Mama Kionjo akapiga funda, akatikisa kichwa. Hakuna kitu.

"Basi niambie wewe," akasema. "Ikoje?"

"Nzuri."

"Nzuri ndiyo nini? Hata Mwalimu ni mzuri."

Mzee Moshi akakuna kichwa. Alikuwa ameishi na kahawa tangu ujana wake, na hajawahi kutakiwa kuieleza. Kazi ya maneno ilikuwa ya mkewe. Akanywa, akafumba macho kama alivyomwona yeye akifanya.

"Mwanzo una uchungu," alisema polepole. "Uchungu mdogo, kama wa ganda la chungwa. Halafu unaondoka wenyewe. Halafu huku nyuma... kuna utamu. Ule wa mkate ulioungua pembeni kidogo, ukatafuna pale pembeni."

Mama Kionjo alikuwa amefumba macho.

"Hapo," akasema. "Fungua mlango."

"Mlango umefunguliwa tangu asubuhi."

"Basi wameonja kabla yangu. Huna adabu."

Ikawa ndiyo desturi yao mpya. Kila asubuhi kabla ya kufungua, Mzee Moshi aliketi kitandani, akanywa, akaeleza. Siku akieleza vibaya alirudishwa. "Jana ulisema karanga, leo unasema karanga, buni ni zile zile au ni uvivu?" Na kila mara baada ya kahawa ya watu alimletea ile nyeusi, akainywa taratibu, akiisikiliza ng'ambo ya barabara.

Asubuhi ya mwisho alikuwa akipumua kwa shida, na binti yao amekaa upande wa miguuni. Mzee Moshi alikaanga kama kawaida, kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Akaketi, akanywa, akaeleza uchungu, na ganda la chungwa, na mkate. Alieleza mpaka mwisho, akangoja neno. Aliendelea kungoja mpaka binti yake alipokichukua kikombe mikononi mwake na kukiweka chini.

Baada ya mazishi duka lilibaki limefungwa, na hakuna aliyemgusia habari ya kufungua. Mwishowe fundi viatu ndiye aliyekuja kugonga. Hakusema kitu cha busara. Alisema, "Ndugu yangu, nimekuja na kijiko changu." Mzee Moshi akamtazama, akamwachia nafasi apite.

Akawasha jiko. Mwalimu akaingia, dereva akasimama mlangoni, wote kimya kama wanafunzi wa siku ya kwanza. Mzee Moshi alikaanga kwa pua yake, akatoa, akafunika. Kisha mikono yake, bila kumwuliza, ikatia buni nyingine kikaangoni na kuziacha motoni. Zikaalika mara ya pili, zikawa nyeusi, moshi ukajaa chumba. Hakuna aliyekohoa. Hata dereva, mtu wa kusema kila kinachompita kichwani, alitazama viatu vyake.

Akawamiminia wateja yao. Kisha akatia kikombe cha mkewe maji ya moto, akayamwaga, akamimina ile nyeusi. Kigoda kilikuwa pale pale, mgongo kwa jiko. Alisimama mbele yake ameshika kikombe, na hakukuwa na kiganja cha kukipokea.

Fundi viatu alikoroga, akapiga funda, akajikaza. "Hapo, ndugu yangu," alisema kwa upole.

Mzee Moshi akatikisa kichwa. Alijua amesema kwa wema, lakini halikuwa neno lake. Akaketi mwenyewe kwenye kigoda, akafumba macho, akanywa kahawa ya kikaango cha pili. Miezi yote ile aliikaanga, akaichemsha, akaipeleka kitandani, na hakuwa ameionja hata mara moja.

Uchungu wake ulimkaba koo. Ulipanda mpaka puani, ukamtoa machozi ambayo msibani yalikuwa yamegoma. Ilikuwa mbaya kuliko ile ya wiki yao ya kwanza, ile iliyotemwa uani na kumwagwa yote. Hii alimpa kila siku, naye alikunywa akamshukuru. Na ukali wote huu, mke wake alikuwa akiusikia kwa mbali tu.

Mwalimu alinyanyuka kumpokea kikombe, Mzee Moshi akakataa. Alikinywa chote, polepole, mpaka kwenye mashapo, na wateja wakamngoja.