Chuo Kilichouliza Habari za Fasi ya Papa

Nilipopata ufadhili wa kwenda kusoma shahada ya pili ya sheria Uingereza, vyuo viwili vilinikubali, nami nikatakiwa kuchagua kimoja. Cha kwanza ni kile ambacho hata dereva wa pikipiki ya abiria, taksi-moto, wa hapa Kisangani amewahi kukisikia. Cha pili kiko Uskoti, kaskazini mwa kisiwa hichohicho, na nyumbani kwetu hakuna aliyeweza kutamka jina la mji wake bila kucheka.

Mama hakungoja nichague. Jumapili iliyofuata alitangaza kanisani kwamba bintiye anakwenda kwenye chuo kile kikubwa, na kina mama wa kwaya wakaanza kushauriana juu ya liputa ya sare watakayovaa siku ya kuniaga. Kwetu mtu haondoki kimyakimya. Niliudhika, lakini utabishana vipi na kwaya nzima ambayo tayari imeshaona kitambaa?

Kilichonizuia kukubali ni kesi ya Papa, yaani baba yangu.

Papa ni mvuvi wa maporomoko. Ukoo wetu una sehemu yake kwenye maji yale ya kasi, ambapo miti mirefu husimikwa katikati ya mawe, ikafungwa kwa kamba za porini, kisha vikapu vikubwa vya kunasia samaki vikaning'inizwa chini yake. Sehemu ile aliachiwa na baba yake, naye aliachiwa na wake. Hakuna karatasi. Majirani wanajua, basi. Kisha akaja mfanyabiashara mmoja aliyenunua kiwanja ukingoni, akadai kwamba hati yake inafika hadi majini, na wakapelekana mahakamani.

Hakimu alikuwa mgeni, amehamishiwa kwetu muda si mrefu. Alimwuliza Papa ushahidi wake. Papa alikuwa amekuja nao: kipande cha mti wa zamani, bado kimefungwa kamba kwa namna ya nyumba yetu, maana kila nyumba pale ina namna yake ya kufunga na mvuvi yeyote huitambua kwa mbali. Alikiweka mezani kwa adabu, kwa mikono miwili. Hakimu alikitazama, akamtazama karani, wakacheka wote wawili. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la nyuma na digrii yangu ya sheria, sijaapishwa kuwa wakili, sina ruhusa ya kufungua mdomo. Sijawahi kukasirika vile tena.

Tulishindwa. Wakili wetu alikata rufaa, na rufaa kwetu haikimbii. Wakati wa kungoja Papa alikatazwa kusimika miti. Aliendelea kusuka vikapu uani, vikapu visivyokuwa na mahali pa kwenda, na tangu siku ile akawa anasema "ile fasi", yaani pale mahali, kama mtu anayezungumzia mali ya jirani. Zamani alikuwa akisema "fasi yangu".

Kwa hiyo sikuvipima vyuo kwa majengo yake wala kwa nafasi yake kwenye orodha za mtandaoni, ingawa nilizisoma zote mpaka data ikaisha. Niliviandikia vyote viwili swali moja: mtu mwenye haki ya kuvua isiyo na karatasi, kwenu nitafundishwa kuithibitisha kwa kitu gani? Chuo kikubwa kilijibu haraka na vizuri, kikanitumia anwani ya ukurasa wa masomo yake na kunitakia kila la heri. Kutoka Uskoti alijibu mwalimu mwenyewe. Alisema sheria yao ina mizizi ya Kirumi kama hii yetu tuliyoachiwa na Wabelgiji, ila imechanganyika na ya Kiingereza, na kwamba yeye hufundisha habari za mila na maji. Kisha akauliza: nani husimika miti? Nani hushuhudia? Na mwingine akifunga kamba pale bila ruhusa, hufanyika nini?

Siku ya kikao cha familia niliwasomea majibu yote mawili, nikiyatafsiri kadiri nilivyoweza. Tonton, mdogo wake Papa, ambaye ni mtumishi wa serikali, alikuwa ameshaamua kabla hajakaa.

"Bon, yaya," alimwambia Papa, kama tunavyomwita kaka mkubwa, "ile ya kwanza iko na jina. Mutoto akirudia na ile jina, hata Kinshasa batamufungulia mulango. Ile ingine, nani anaijua?"

"Na mimi nilishasema ku kanisa," Mama akaongeza. "Nitaambia bamama nini?"

Tonton hakuwa amekosea. Jina lile kweli lingenifungulia milango, na nilipokuwa nikimsikiliza nilianza kuogopa kwamba nakwenda kuchezea bahati ya nyumba nzima kwa sababu ya hasira ya siku moja mahakamani.

Papa alikuwa anasuka. Hakuinua kichwa.

"Ule wa jina kubwa," akaniuliza, "aliuliza nini juu ya ile fasi?"

"Hakuuliza kitu, Papa."

"Na ule wa baridi? Soma tena."

Nikasoma tena maswali matatu, polepole. Mahakamani hakuna aliyemwuliza hata moja kati ya hayo. Papa aliweka kikapu chini, akajifuta mikono kwenye suruali, akavuta kiti chake karibu na changu.

Mama alimwona, akasema, "Alors, nitaambia bamama jina ingine. Liputa ni ileile."

Tonton akataka kusema neno. Papa alimwinulia mkono bila kumtazama, maana alikuwa ananitazama mimi na simu yangu, akingoja niwe tayari kumjibu yule mwalimu.

"Andika muzuri, mwana," akasema. "Asikose kuelewa. Andika: fasi yangu iko ku maporomoko, chini ya jiwe mukubwa..."

Nikaanza kuandika, na ikanibidi kumwomba arudie, kwa sababu machozi yalikuwa yamenizuia kuona herufi.