Jina la Mpokeaji

Niliondoka nyumbani kwa sababu niliyoiona kuwa njema. Kwetu Kisii, katika vilima vya Marani, baiskeli hubeba ndizi; anayeipanda kwa furaha tu huhesabiwa mvivu. Mimi na wenzangu niliosoma nao chuo tuliamini kwamba mtoto wa mkulima naye ana haki ya kupumzika, tukakubaliana kwenda kuendesha baiskeli kwenye miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Uganda. Wenyeji wetu walitoa sharti moja: kila mgeni awe na bima ya safari.

Mjini Kisii, siku moja kabla ya safari, nilipanda ghorofani pamoja na mama hadi ofisi ya ajenti wa bima, msichana wa rika langu. Alitueleza bima mbili.

“Hii ya bei nafuu inakulinda barabarani,” alisema. “Ukiacha lami ukaingia njia za mlimani, uko peke yako. Hii nyingine inakufuata hadi msituni: kukutafuta, kukutibu, na ikibidi, kukurudisha nyumbani.”

“Kumrudisha vipi?” mama aliuliza. “Si atapanda basi?”

Ajenti aliinamisha macho. “Namaanisha akifariki, mama. Ndiyo maana tunahitaji jina la mtu atakayeupokea mwili.”

Mama aliinuka akachukua mkoba wake. “Mtoto wangu hajanywa hata chai, na wewe unampangia jeneza.” Alipofika mlangoni aligeuka. “Jina langu usiliandike. Wala la baba yake.”

Kwetu, kumtajia aliye hai kifo chake ni kama kukifungulia mlango. Nililijua hilo, na kwa elimu yangu nililiona kuwa woga tu. Hata hivyo sikuwa na jina la kutoa, na ajenti alikubali nimpigie simu kabla ofisi haijafungwa.

Nyansiongo, alasiri hiyo, nilifika kwa baiskeli huku ukungu ukishuka juu ya mahindi. Ningelala kwa mama mdogo, mjane wa mdogo wake baba, kwa kuwa basi letu lingenichukulia hapo asubuhi likielekea Kericho.

“Umetoka Marani kwa hiyo?” alicheka akinipokea mzigo. “Kweli vijana wa siku hizi jembe limewashinda.”

Mbele ya nyumba yake ulisimama mgomba mmoja, mbali na migomba mingine. Mkungu wake ulikuwa umeiva hadi kuwa mweusi, wala hapakuwa na ndege aliyeudonoa. Niliponyoosha mkono, mama mdogo aliushika.

“Hizo haziliwi, tata,” alisema, akiniita baba kama mama zetu wawaitavyo watoto wao wa kiume. “Hapo ni kwa baba yako mdogo.”

Nilijua kwamba baba mdogo alifia kazini ng'ambo, na kwamba mwili wake haukuletwa. Sikujua yaliyofuata, naye akanieleza. Ukoo ulichimba kaburi ukazika mgomba badala yake, ili roho yake isizurure. Waliouleta waliung'oa pamoja na mizizi. Mvua zilipokuja, kaburi likachipua.

“Hamkuukata?” nikauliza.

“Wewe ungeukata?”

Akausogelea, akauambia kwa Ekegusii, lugha yetu, kwamba mgeni amekuja, kisha akanyamaza kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kujibu. Hapakuwa na upepo. Jani moja la katikati lilishuka polepole, likatulia. Nilijiambia kwamba ni uzito wa maji ya ukungu.

Nilipomweleza habari za bima, hakusita. “Andika jina langu. Kungoja nimeshazoea.”

Nilimpigia ajenti simu pale pale, nikachagua bima kubwa, nikaona akili imeshinda.

Mlimani, siku zilipita kwa furaha hadi asubuhi moja wingu lilipotufunika kwenye mteremko. Gurudumu la mbele liliteleza, nikaanguka, nikalala karibu sana na ukingo. Chini sikuona kitu, wala sikusikia sauti za wenzangu. Katika ukimya ule sikumfikiria mama. Nilimwona mama mdogo amesimama mbele ya mgomba, akisikiliza. Niliinuka bila jeraha, nikateremka kwa miguu nikiisukuma baiskeli.

Safari ya kurudi ilinishusha tena Nyansiongo. Kando ya mgomba, nyasi zilikuwa zimefyekwa na udongo kufagiliwa. Magogo mawili yalilazwa sambamba, tayari kubeba kitu kirefu. Mama mdogo alitoka, akaitazama miguu yangu kwanza, ndipo akanitazama usoni.

“Hiki ni nini, mama?”

“Mahali pa kukulaza kabla ya kukupeleka Marani. Si uliniandika nikupokee? Mtu hapokewi kwenye nyasi.”

“Lakini nilikuwa mzima.”

“Ningejuaje? Kila gari lililopunguza mwendo pale barabarani, nilitoka na shuka la kukufunika.”

Kampuni iliomba jina tu. Mimi nilimwachia mtu msiba mzima auishi kwa niaba yangu, wala sikumpigia simu hata mara moja. Kwenu mtakaosafiri nasema: chagueni bima itakayowafuata katika njia mtakazopita kweli, na jina la mpokeaji msiliache wazi kwa sababu ya hofu. Lakini huyo mliyemwandika, mpigieni simu kila jioni. Bima haianzi kazi siku ya ajali. Kwake yeye imekwisha kuanza.

Niliyabeba magogo nikayarudisha jikoni. Mama mdogo alileta mbegu za chinsaga, mboga yetu chungu, tukazipanda pale palipofyekwa, ili pasibaki pakiningoja, hadi kwenye shina la mgomba. Hakuniruhusu kuondoka kabla hatujazifukia zote.

“Sasa nenda,” alisema akipangusa mikono. “Mama yako akuone ukitembea.”